Nusu Saa Bila Huruma

Wiki iliyopita niliwaacha nimejifungia ndani ya gari la mume wangu, vioo vimepandishwa, daftari dogo la buluu mapajani. Wengi mmeniletea ujumbe kuuliza niliona nini ndani yake. Leo nasema. Nasema na yale yanayoniaibisha, kwa sababu niliahidi kusema yote.

Kwa anayejiunga nasi leo: mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, na dirisha linatazama uani panapoegeshwa gari. Mume wangu hutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki ya daktari wa meno, dakika nne kutoka kwetu, na mtaa mzima humwita Bwana Meno. Mikosi yangu ya mwanzo, ule wa cherehani kuibwa na ule wa gauni la bibi harusi nililomkabidhi bibi harusi mwingine, mmeshaisoma. Huu ni mkosi wa gari.

Gari lenyewe ni la dizeli, la kisasa, tulilolinunua mkononi mwa mtu. Halikumaliza mwaka likaanza kukosa nguvu. Mume wangu akalipeleka gereji kwa fundi mmoja mwanamke ambaye wateja wake humwita Sista, akarudi na habari ambayo sikupata kuisikia tangu nizaliwe. Gari linaumwa, akasema, kwa sababu tunaliendesha polepole mno.

"Fundi kasema kila Jumamosi nilitoe barabara kubwa nilikimbize," akaniambia. "Nusu saa hivi, ya nguvu. Lisafishe kifua."

Nilimtazama nikamwona anadanganya mchana kweupe.

Mnielewe. Marehemu baba yangu alimwendesha mkurugenzi miaka ishirini na miwili. Alikuwa akiweka glasi ya maji juu ya dashibodi, na siku tone moja likimwagika alirudi nyumbani kajinunia mwenyewe. Kwetu gari lilibembelezwa kuliko sisi watoto. Leo mtu mzima aniambie eti kuna gari linaugua kwa kupendwa? Na dawa yake imetolewa na mwanamke, inatumika kila Jumamosi, mbali na nyumbani, na mke hahitajiki?

Jumamosi ya kwanza aliondoka saa nne akarudi saa sita na nusu. Nusu saa ya wapi hiyo? Nikatoka uani, nikajifanya naanua vitambaa, nikapitisha kiganja juu ya boneti.

Mimi ni mtu wa pasi. Kiganja changu kinajua joto la pamba, kinajua joto la hariri, na kinajua pasi iliyozimwa zamani. Lile boneti lilikuwa vuguvugu.

Basi gari lilikuwa limeegeshwa mahali, nikajiambia. Tangu siku hiyo usingizi ukaniruka.

Kilichonimaliza zaidi ni mluzi. Kila Jumamosi alirudi anapiga mluzi. Mume wangu si mtu wa mluzi. Mtu anayeshinda na meno ya wenzake, vumbi la plasta hadi kwenye nyusi, ana lipi la kumpigia mluzi? Nilikuwa nasukuma pedeli ya cherehani huku nikiusikia unavuka ua, unaingia jikoni, unafungua sufuria. Nikashona mkono wa blauzi ya mteja mahali pa shingo.

Jumamosi ya sita hivi niliamua kwenda kumwona huyo Sista kwa macho yangu. Nikajipitisha gereji na mfuko wa vitambaa, kama mtu aliyepotea njia.

Nilitaka awe mbaya, na nilikuwa nimejiandaa kumhurumia. Hakuwa mbaya. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mrefu, mwenye sauti ya chini ya kumtuliza mtu, na vidole safi kuliko vyangu kwa sababu alikuwa akifanya kazi na glavu. Nikajitambulisha kuwa mimi ni mke wa Bwana Meno. Uso wake ukachangamka.

"Kumbe," akasema. "Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

Mgonjwa wangu. Mbele ya mke. Bila hata kupepesa macho.

"Mgonjwa wako hajambo," nikamjibu. "Anakula, analala, na ana mwenyewe."

Alinikodolea macho kama mtu aliyesikia utani akakosa pa kuchekea. Kabla hajasema neno akaitwa na mteja mwingine, nami nikaondoka shingo juu. Nusu ya njia nililia.

Ndipo, baada ya Jumamosi ya nane, nikalipata lile daftari katika kisanduku cha mbele cha gari. Hapo ndipo nilipowaachia wiki iliyopita.

Nililifungua katikati. Mwenye wivu haanzi kitabu ukurasa wa kwanza, anakimbilia pale panapomuuma. Ulikuwa mwandiko wa mume wangu, ule wa kubana herufi kama meno.

"Jumamosi. Dakika thelathini na tano. Alikuwa mzito mwanzoni, kisha akafunguka. Amewaka vizuri."

Chini yake: "Jumamosi. Dakika arobaini. Leo hakutaka kuachwa mapema, nikampa muda. Nilipomwacha alikuwa anahema taratibu."

Na nyingine, na nyingine. Nilisoma hadi herufi zikaanza kuogelea.

Mtaniuliza, je, hukufikiri kwamba anaandika habari za gari? Nilifikiri. Nilifikiri sekunde moja. Lakini gari huandikwa lilikuwa zito. Likafunguka. Limewaka. Mume wangu ni mtu aliyesoma, hajawahi kukosea ngeli hata akiwa na homa, na siku moja alimsahihisha mwenye nyumba mbele za watu. Alikuwa. Akafunguka. Anahema. Anayehema ni mtu, wasomaji wangu, na mimi huyo mtu nilikuwa namjua, anavaa glavu.

Sikumwambia kitu. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Mwingine angeweka daftari mezani akauliza. Mimi nililirudisha mahali pake, nikajifuta uso, nikaamua kumwekea kauzibe kimyakimya.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia nina gauni la harusi la kupeleka kwa mteja, halitakiwi kupata hata mkunjo mmoja, kwa hiyo naomba anipeleke yeye. Nikalilaza kiti cha nyuma, nikakaa mbele.

"Polepole," nikawa namwambia. "Nguo ya watu."

Tulifika barabara kubwa. Nikamwambia polepole. Malori yakatupita yakitupigia honi, mzee mmoja mwenye baiskeli akatukaribia akatutazama kwa huruma. Tulikwenda mwendo wa kusindikiza jeneza, tukarudi hivyohivyo. Mteja hakuwepo. Hakuwepo kwa sababu hakukuwa na mteja, gauni lilikuwa la mfano, hukaa dirishani kwangu mwaka mzima. Mume wangu alikaza taya njia nzima. Mimi moyo wangu ulikuwa baridi kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili.

Katikati ya wiki gari likaanza vituko. Taa ya rangi ya chungwa ikawaka kwenye dashibodi. Nikamwuliza ni ya nini, akasema itazimika yenyewe, akabadilisha mazungumzo. Jioni moja akaliingiza uani, feni linavuma kama kuna moto ndani, harufu ya joto imetanda. Alikimbilia ndani kuchukua simu aliyoisahau, akaniambia nisilizime. Nikalizima. Nikalizima kwa sababu alinikataza, na kwa sababu nilidhani anataka kutoka tena kwenda kwa Sista.

Jumamosi ya wiki hiyo nilifanya kubwa zaidi. Asubuhi na mapema nikauchukua ufunguo, nikautia kifuani, nikaketi kwenye cherehani. Akautafuta juu ya kabati, mifukoni, chini ya mito. Nikamsaidia kutafuta. Nikainua hadi mkeka, baridi ya ufunguo ikinichoma kifuani.

Mwishowe akasema basi, atatoka anyooshe miguu.

Nikamwacha anyooshe. Nilikaa dirishani asubuhi nzima nikilitazama gari. Halikusogea hata shubiri. Sista akingoja na angoje, nikasema moyoni, na nikashona siku hiyo kama malaika. Jioni ufunguo "nikauona" nyuma ya mtungi, akashukuru.

Sasa tufike Alhamisi.

Hospitali kubwa iliyo ng'ambo ya kilima ilikuwa inatafuta mtengeneza meno. Mume wangu aliisubiri nafasi hiyo miaka kumi na mmoja. Kile chumba cha nyuma cha kliniki hakina dirisha. Vumbi la plasta limeshamkaa kifuani, kila asubuhi hukohoa hadi majirani wanahesabu. Kule kuna mashine ya kufyonza vumbi, kuna dirisha, kuna likizo. Walimwandikia afike Alhamisi saa nne kamili na kazi za mikono yake. Nyuma yake walikuwepo wawili kwenye orodha, na barua ilisema atakayechelewa ajihesabu amejitoa.

Nilimshonea suti. Sijui kama mnaelewa ninachosema. Nilikuwa na wivu unaonila maini, na bado nilimshonea suti, bitana ya hariri, vifungo nilivyovitafuta siku tatu. Nikasema nitamsindikiza. Nilitaka kumwona akiingia mlango ule. Na nilitaka kuhakikisha kiti cha pembeni kina mtu.

Saa tatu tukaanza kupanda kilima. Kwanza gari likawa zito. Kisha taa ikawaka, ikafuatiwa na ya pili, nyekundu, na maneno kwenye kioo kidogo. Mume wangu akakanyaga mafuta, injini ikaitikia kwa sauti ya mtu aliyelala. Tulikuwa tunakwenda mwendo wa mtu kwa miguu. Kabla ya kona ya tatu gari likasema basi.

Saa tatu na dakika ishirini. Jua limewaka, malori yanapita, mume wangu yuko ukingoni mwa barabara ndani ya suti niliyoishona mimi, kisanduku cha meno mkononi. Jasho lilikuwa linamtoka puani.

Akapiga simu moja tu. Mnajua alimpigia nani.

Sista alifika baada ya dakika kumi na mbili, katika gari lake dogo la mizigo. Nyuma amebeba injini nzima imefungwa minyororo. Mbele kuna viti viwili. Kimoja chake.

Nikahesabu viti mara mbili, visiongezeke.

"Panda, Bwana Meno, tutawahi," akasema Sista.

Mume wangu akanitazama. Ningesema nini? Niseme usipande, bora uikose kazi ya miaka kumi na mmoja? Akapanda. Akakumbatia kisanduku chake magotini, mabega yao yakigusana kwa sababu ya ufinyu, na mlango nikaufunga mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Wivu wangu wa miezi miwili ulikuwa umemchukua mume wangu na kumketisha palepale nilipokuwa namkataza.

Sista akatoa kichwa dirishani.

"Wewe kaa na mgonjwa," akaniambia. "Usimwashe, hata akipoa. Nikishamfikisha mumeo narudi kumvuta."

Wakaondoka.

Nikageuka kumtafuta mgonjwa. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Barabara nzima hapakuwa na mtu. Nilikuwepo mimi, na lilikuwepo gari.

Kisha nikafungua kisanduku cha mbele, nikatoa lile daftari la buluu, na safari hii nikaanza ukurasa wa kwanza kama mtu mwenye adabu. Haukuwa mwandiko wa mume wangu. Ulikuwa wa mviringo, wa kusomeka, kama wa vyeti vya hospitali.

"Mgonjwa: gari la dizeli la Bwana Meno. Tatizo: anabembelezwa mno. Safari zake ni fupi, hapati joto la kutosha, masizi yanajaa kwenye chujio la bomba la moshi. Tiba: dakika kumi za mwanzo mwendeshe kwa upole hadi oili ipate moto. Kisha barabara kubwa, gia ya chini kidogo kuliko uliyozoea, mkimbize nusu saa bila huruma, masizi yaungue yote. Akishaanza kuwaka ndani usimkatize. Ukirudi, mwache aheme dakika moja au mbili kabla hujamzima. Kila Jumamosi. Andika hapa alivyokuwa, nami nitasoma."

Nilikaa chini, juu ya majani, na sketi yangu nzuri.

Mwache aheme. Kabla hujamzima. Nilicheka hadi dereva mmoja wa lori akapunguza mwendo aone kama nina akili. Halafu nikalia. Yote haya, usingizi wote ule, gauni la uongo, ufunguo kifuani, kwa sababu fundi mmoja huliita gari "yeye" na mume wangu akaiga. Hata ile Jumamosi ya gauni niliiona humo: "Alikuwa na mgeni. Hakufunguka." Mgeni ni mimi. Kama wangeandika "lilikuwa zito" ningelala usingizi wangu na gari lingekuwa zima.

Na zaidi ya yote, mimi ndiye niliyeliua. Nililizuia lisikimbie, nikalizima likiwa linajisafisha. Kazi ya mume wangu ilikuwa inaning'inia kwenye uzi, na mkasi nilikuwa nimeushika mimi.

Sista alirudi peke yake saa nne na nusu. Alikuwa amemfikisha zikiwa zimebaki dakika tatu. Alilifunga gari kamba, akanikaribisha kwenye kile kiti cha pili, na njiani nikamwuliza kwa nini huyaita magari hivyo. Akaniambia kabla ya spana alishika sindano. Alikuwa muuguzi miaka saba, jina la Sista limetoka huko, na mdomo wake haujazoea kusema "li" juu ya kitu kinachokohoa.

"Watu hudhani kumwendesha polepole ndiyo kumtunza," akasema. "Kwa wale wa zamani, sawa. Hawa wa sasa wamewekewa kifua. Ukimficha ndani siku zote anakufa kwa hewa yake mwenyewe." Akacheka. "Lakini na kumchapa akiwa baridi nako ni kumuua. Ni kumjua tu."

Nikamwona kwa mara ya kwanza bila wivu. Nilitamani kumbusu mkono. Nikaona haya hata kumwambia nilivyokuwa nikimfikiria.

Mume wangu alirudi saa tisa kwa miguu kutoka kituoni, koti begani. Nilimjua kutoka mbali kwa mluzi. Walishika meno yake mikononi, wakayapitisha mezani, na mkuu wa idara akasema anaweza kuanza mwezi ujao.

Sikungoja hata avue viatu. Nilimkalisha, nikaungama. Nikamweleza habari ya gauni ambalo halikuwa na mteja. Nikamweleza nilivyolizima gari uani. Nikamwambia nililisoma daftari nikamfikiria mabaya na mwanamke asiye na hatia. Habari ya ufunguo nikaimeza, mtu hatapiki yote siku moja. Nikamwambia gari limekufa kwa ajili yangu, na nusura aikose kazi kwa ajili yangu.

Alinisamehe kabla sijamaliza sentensi.

"Yamekwisha, mke wangu," akasema, akinipigapiga mgongoni. "Kila mtu hukosea. Tusiliongelee tena hili la gari, sawa? Wala fundi usimsumbue na habari hizi."

Usiku huo nililala kama mtoto. Nilijiona nimeolewa na mwanamume mwenye moyo mpana kuliko wanaume wote.

Jana, Ijumaa, nikaamka na hamu ya kutengeneza mambo. Nikamshonea Sista kofia ya kazi ya kitambaa kigumu, yenye mfuko mdogo wa penseli, nikaenda nayo gereji na daftari lake mkononi. Nilishaambiwa asisumbuliwe, lakini kupeleka kofia si kusumbua.

Gari letu lilikuwa limefunguliwa boneti, waya umetoka chini ya usukani umeingia kwenye kile kikompyuta chao cha kupimia. Nikampa kofia, akaivaa papo hapo. Nikavuta pumzi, nikamwambia kwamba mgonjwa wake nimemuua mimi, na nikamweleza kwa nini.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika. Aliponitazama, ile sauti yake ya kutuliza watu ilishuka zaidi.

"Dada yangu, si wewe," akasema. "Usijitwike."

Akanigeuzia kikompyuta. Mashine hizi, akanieleza, huandika ndani yake kila mara gari linapochoma masizi hadi mwisho, na kilomita lilizotembea tangu hapo. Mara ya mwisho kuchoma hadi mwisho ilikuwa siku aliyolikimbiza yeye mwenyewe, siku alipompa mume wangu daftari.

"Jumamosi nane za barabara kubwa peke yake ni kilomita mia nne," akasema. "Mgonjwa ametembea mia tatu tangu siku ile, ukiweka kazini na sokoni na hiyo safari yako ya gauni. Wewe umemkatiza mara moja. Kabla yako hakukuwa na cha kukatiza. Huyu hajakimbizwa hata siku moja."

Nikamwambia haiwezekani, kila Jumamosi alitoka nalo.

"Alitoka naye, ndiyo. Sijui alimwegesha wapi." Akafikiri kidogo. "Mgonjwa akishakimbizwa nusu saa vile, ukaweka mkono juu ya boneti, utautoa mwenyewe. Huwezi kuuacha pale."

Kiganja changu kilijikunja chenyewe. Vuguvugu. Jumamosi ya kwanza, vuguvugu. Nililijua hilo tangu siku ile, nikalijua sawasawa, halafu jana yake ukingoni mwa barabara nikajicheka kwa kulijua.

Sista alikuwa amechukua daftari, anafunua kurasa, anatikisa kichwa polepole. Yeye alidhani mume wangu aliandika uongo kumridhisha fundi, wateja wengi hufanya hivyo, akasema, kama wagonjwa wanavyotupa vidonge chooni. Alifika ukurasa wa mwisho ulioandikwa, ambao mimi barabarani sikuufikia kwa machozi.

"Na hata hii ya Jumamosi iliyopita," akasema, akaisoma kwa sauti. "Dakika arobaini. Alikuwa mzito mwanzoni, kisha akafunguka."

Jumamosi iliyopita. Jumamosi ya ufunguo. Gari lilikuwa chini ya dirisha langu tangu asubuhi, halikusogea hata shubiri, na ufunguo ulikuwa kifuani mwangu. Nilimwangalia Sista, yeye hakujua chochote juu ya ufunguo, alikuwa ameshageuka kurudi kwenye injini yake na kofia yangu kichwani.

Nikalichukua daftari nikarudi nyumbani. Sikumbuki njia niliyopita.

Nilimkuta mume wangu chumba cha mbele, pembeni ya cherehani yangu, amekalia kigoda. Gari liko gereji, limefunguliwa, Sista amesema halitoki kabla ya Jumanne. Na yeye amekaa hapo, brashi mkononi, anapiga viatu rangi kwa ajili ya kesho. Anapiga mluzi.

Nikaweka daftari juu ya meza ya kukatia, nimelifungua ukurasa wa mwisho. Nikatia mkono kifuani kwa mazoea tu, hapakuwa na kitu.

"Baba," nikamwita, kama ninavyomwita tukiwa wawili. "Ule ufunguo haukupotea. Nilikuwa nao mimi, hapa, siku nzima. Gari halikutoka." Nikaweka kidole kwenye mstari. "Sasa niambie. Jumamosi iliyopita nani alikuwa mzito mwanzoni?"

Mluzi ukakatika. Hakunitazama mimi, alilitazama daftari. Akakiweka kiatu chini taratibu, akakipanga sawa na mwenzake, akafuta vidole kimoja kimoja kwenye kitambaa.

"Mke wangu," akasema, "kaa kwanza."

Sikukaa.